Mkaguzi, Mbuzi na Kiitikio cha Darasa Langu

Jamani, uso huu sijui nitauficha wapi hapa Kakuma. Nafundisha watu wazima Kiingereza, na tulikuwa kwenye vile vijiswali vya kubandika mwishoni mwa sentensi. Mimi nasema sentensi, darasa zima linamalizia kwa pamoja. Ili wasisinzie kwa joto, nikatunga mfano wa kuwachekesha: "The inspector only comes for goat meat..." Wakanguruma: "Doesn't he?" Tukaurudia mpaka ukawa kama pambio la kanisani.

Ijumaa mkaguzi mwenyewe akafika kutoka Lodwar, naye ndiye wa kuamua kama mkataba wangu utaongezwa. Mgeni huku huchinjiwa mbuzi, kwa hiyo Ekai mpishi alishawasha moto nyuma ya darasa.

"Ejok!" mkaguzi akasalimu kwa Kiturkana. Kisha akasema, "Your teacher works hard."

"Doesn't he?" darasa likavuma.

Akatabasamu. Mimi kichwa kikanivimba kwa sifa.

"Sasa nani atanipa mfano wenu mwingine?" mkaguzi akauliza.

Nikaomba ardhi inimeze. Mama Nyandeng, muuza chai na mwanafunzi wangu hodari kuliko wote, akasimama, akamkazia mkaguzi macho, akatangaza: "The inspector only comes for goat meat!"

"DOESN'T HE?" Wengine wakapiga na makofi.

Mkaguzi akanigeukia polepole. Nikafungua mdomo nijitetee, lakini Ekai akachungulia dirishani akiwa na sinia.

"Mwalimu, nyama ya mkaguzi iko tayari!"

Darasa, kwa mazoea, likanguruma: "ISN'T IT?"