Umbali wa Mkono

Miaka ile ya ukimwi, kwenye benchi la zahanati kule Kamachumu, mama mmoja alikuwa akimnywesha uji mwanawe aliyebaki mifupa. Mwalimu wangu wa zamani, tuliyeketi naye, akamwonya kwa upole: “Mama, Waingereza wanasema mtu wa hatari umweke umbali wa mkono. Asikusogelee zaidi ya hapa.” Akanyoosha mkono kuonyesha.

Mama akautazama, kisha akanyoosha wake mpaka kijiko kikafika mdomoni mwa mwanawe. “Si ndio umbali ninaomlishia, mwalimu?”

Uji ulipokwisha akafungua jani la mgomba, akatukaribisha kahawa ya kutafuna, kama desturi yetu. Mwalimu akakataa. Mimi nikapokea kwa mikono miwili, nikashukuru, nikaitia mfukoni. Niliitupa njiani.

Miaka yote hii nimemlaumu mwalimu.