Makuti ya Lango la Mzee Sefu

Bado nina hasira, na ninayemkasirikia zaidi ni mimi mwenyewe. Tangu biashara iachiwe huru, hapa Kibiti tunaletewa kila kitu: mitumba, kanda, hata vijitabu vya dini. Kimoja kilidai Krismasi ni sikukuu ya wapagani walioabudu jua, na kupamba kwa majani mabichi ni kuabudu miti. Mwalimu mzima nikaamini. Nikamkataza mke wangu kupamba.

Mkesha wa Krismasi narudi baada ya wiki nzima shambani Ruaruke, nakuta lango la nyumba tuliyopanga chumba limepambwa kwa makuti mabichi. Damu ikanichemka. Nikayafyeka yote kwa panga huku nikiwahubiria wapita njia: "Huu ni upagani mtupu. Kwangu haupiti."

Mke wangu akatoka mbio, mikono ikinuka vitunguu. "Baba Neema, umefanya nini?"

Nyuma yake akaja mwenye nyumba, Mzee Sefu, amevaa kanzu mpya. Akayatazama makuti pale chini, akanyoosha mkono. Nikampa panga.

"Mwalimu," akasema taratibu, "hiyo Krismasi sisi haituhusu. Binti yangu anaolewa leo."