Ukoo unataka nywele za marehemu mwanangu, na chuo wameshaziyeyusha

Msimamizi wa ukurasa, jina langu libaki kwako tafadhali, maana mawifi zangu wanasoma humu kuliko wanavyosoma Biblia. Nina miaka thelathini na tatu, mke wa mtu, naishi Nyasubi hapa Kahama. Nilizaa watoto wawili. Mmoja tumemzika.

Kazi yangu ni kibarua cha utafiti. Kuna taasisi ya chuo kikuu kimoja, sikitaji, imekusanya wataalamu wa kila aina chini ya paa moja: daktari, mkemia, mtu wa miamba, mtu wa mambo ya jamii. Walisema matatizo ya wachimbaji wadogo hayatatuliki kwa fani moja. Nikaona maneno mazuri. Wao Kisukuma hawajui, mimi nimezaliwa nacho kule Kishapu, basi nikawa mdomo wao. Walikuwa wanapima zebaki iliyoingia kwenye miili ya watu, ile dawa ya kukamatia dhahabu kwenye mchanga. Wanachukua mkojo, na nywele kidogo.

Jamani, mkojo watu walitoa huku wanacheka. Nywele ndipo pakawa pagumu. Huku kwetu nani anampa mgeni nywele zake? Tukakataliwa nyumba kwa nyumba, mpaka nikaamua kuanzia ukweni kwangu, kijiji kimoja upande wa Bulyanhulu, ambako mume wangu anachimba na wanangu walikuwa wanalelewa na bibi yao. Mama mkwe, ambaye huniita mayu, yaani mama kwa Kisukuma, aliniuliza, "Mayu, hawa watu wako unawaamini?" Nikamwambia nawaamini. Akainamisha kichwa akakatwa wa kwanza, kisha akamshika mjukuu wake wa kiume, mwanangu huyo, hata miaka mitatu hajafika, naye akakatwa kisogoni. Baada ya hapo kijiji kizima kikakubali.

Mwanangu alikuwa tayari mgonjwa. Mikono ilimtetemeka, kikombe hakishiki, hata kutembea alikokwisha kujua kukaanza kumpotea. Zahanati walisema malaria, mara minyoo. Wiki chache baada ya kukatwa nywele akapata degedege, akafia mikononi mwa bibi yake, mimi nikiwa njiani kwenye bodaboda.

Wanawake waliomwosha ndio walioona pale kisogoni palipokatwa. Wifi yangu mkubwa akatoka nje anapiga kelele, "Mnalia nini? Mama yake kamuuza kwa wale watu wa chuo!" Msibani hapo hapo nikageuka muuaji. Mume wangu alitazama chini tu. Haki ya Mungu, bora angenipiga.

Kikao cha ukoo kikaamua nywele za marehemu zirudi zizikwe naye, la sivyo nisikanyage pale, na binti yangu wa miaka sita nisimwone. Wengine walitaka nirudishwe kwetu siku ile ile. Aliyenitetea ni mama mkwe peke yake. Alisimama mbele ya wanaume akasema, "Huyu ni mwanangu. Atazileta, mpeni nafasi."

Nikaenda kwenye taasisi. Mkemia akaniambia nywele zimeshayeyushwa kwenye dawa za maabara, hakuna kilichobaki, pole dada. Lakini majibu yapo. Daktari akanieleza kwamba zebaki kwa mwanangu ilikuwa nyingi mno. Hawezi kuapa kuwa ndiyo iliyomuua, ila kwa kiwango kile, katika nyumba ile kuna mtu anachomea dhahabu ndani. Anayechoma ni mama mkwe. Vijana wanamletea madonge ya dhahabu iliyoshikana na zebaki, anayachoma jikoni kwenye mkaa, zebaki inapaa na moshi, dhahabu inabaki. Na mwanangu siku zote alikuwa mgongoni kwake, amefungwa kanga.

Nikawaambia twendeni basi mkawaeleze, mimi wataniona nimekuja na hadithi. Daktari akasema kuzungumza na wanakijiji ni kazi ya mtu wa jamii. Mtu wa jamii akasema hawezi kueleza habari za sumu bila mkemia. Mkemia akasema kazi yake inaishia maabara. Mkubwa wao akanijibu kwa upole kabisa kwamba majibu yatarudishwa kijijini kwa pamoja, fani zote zikishakubaliana. Fani zote! Wataalamu wamejaa jengo zima, na hakuna hata mmoja wa kupanda gari akamwambie bibi kizee asichomee ndani. Nilitoka pale nacheka peke yangu, watu wananishangaa.

Nikampigia mume wangu. Nikamwambia kuhusu moshi. "Sasa umehamia kwa mama yangu? Lete nywele," akakata simu.

Yule mkemia, nadhani kwa huruma, alininong'oneza, "Dada, nywele ni nywele. Nani atajua?" Mwenzenu nimeshafanya. Nimekata zangu mwenyewe, nimezifunga kwenye kitambaa. Nikizipeleka nitasamehewa, nitaondoka na binti yangu. Lakini nitakuwa nimekubali mbele ya kaburi la mwanangu kwamba nilimuua kwa nywele, na moshi utaendelea, na watoto wa mawifi zangu wanalala mle mle. Nikisema ukweli, kwanza watanisikia? Na wakinisikia, nitakuwa nimemwambia mama aliyenisimamia kwamba sumu mjukuu wake aliivuta akiwa mgongoni kwake. Ataishi vipi yule mama?

Jana mama mkwe alinipigia kwa siri nimsikie binti yangu. Mtoto kachangamka: "Mama, bibi kanifundisha kupepea moto wa dhahabu! Napepea mwenyewe!" Nikamwambia atoke hapo haraka, ampe bibi simu. Mama mkwe akapokea akicheka, "Usiwe na wasiwasi mayu, haniachi hata dakika." Nikafungua mdomo nimwambie habari ya moshi. Nikajikuta namwambia asante mama.

Ukoo unanisubiri Jumapili. Ndugu zangu, mtakaonitukana nitukaneni, lakini mniambie na la kufanya: niende na kile kitambaa au niende na ukweli? Msichelewe kunijibu. Leo ni Alhamisi, na mtoto yuko jikoni anapepea.