Matoleo ya Baba

Harufu ya gundi ya kitabu kipya hunirudisha Mtinko, kwenye sanduku la bati la Baba. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na ulevi wake ulikuwa riwaya za Kiswahili. Si riwaya yoyote tu. Alitaka zile zilizochapwa mara ya kwanza kabisa. Alizivalisha makoti ya karatasi ya mfuko wa saruji, na hakuna aliyeruhusiwa kugusa hata moja kabla ya kunawa.

"Za baadaye wanazisahihisha," aliniambia. "Hii iko vilevile ilivyomtoka mtunzi." Nami binti yake nilinawa mpaka viwiko.

Jioni alifundisha kisomo cha watu wazima pale kwenye kijiji chetu cha ujamaa, na mwanafunzi wake hodari alikuwa Bibi, mama yake mzazi. Wee! Bibi alisoma kila kitu, hata mifuko ya mbolea. Mwaka ule Baba alishikwa na kikohozi kisichosikia dawa. Alipoitwa semina Manyoni, Bibi akafungua sanduku, akafunua kitabu, kidole chini ya maneno: "To-le-o la kwa-nza." Akafunua kingine, yaleyale. Akakaa chini kwa uzito.

Toleo alilolijua Bibi lilikuwa moja tu, lile analopewa Mungu kanisani.

"Mama yangu wee," alilia kwa Kinyaturu. "Mwanangu amemwahidi Mungu, kisha amemfichia sandukuni. Ndiyo maana anakohoa!"

Jumapili ya mavuno akajitwika sanduku hadi kanisani. Baada ya ibada vitabu vikanadiwa pamoja na kuku na mtama. Walionunua walikuwa wavuta tumbaku, maana karatasi ya kusokotea ilikuwa shida. Nililia kwa sauti. Bibi akanifinya, si vizuri kulilia cha Mungu.

Baba aliporudi, Bibi alimsimulia kwa furaha. "Sasa utapona, mwanangu." Baba alifunika sanduku tupu, akasema, "Asante, Mama." Nilimchukia kwa asante ile.

Siku chache baadaye jirani yetu, Mzee Ntandu, alikuja na kitabu mkononi, kile Baba alichokipenda kuliko vyote.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Mwalimu. Nasikia hiki kilikuwa chako. Nimevuta kurasa chache tu za mwisho. Chukua, baba."

Baba akanyoosha mkono. Bibi, aliyekuwa akipepeta mtama, akausimamisha ungo, uso umemsawijika. Mkono wa Baba ukabaki hewani.

"Kilichotolewa kimetolewa, Mzee," alisema. "Endelea nacho."

Ungo ukaanza tena.

Nilidhani Baba ni mwoga. Nimekuja kuelewa nikiwa na wanangu mwenyewe: angekipokea, mama yake asingelala tena, angekuwa anakisikiliza kifua cha mwanawe hadi kuche. Bibi aliishi miaka mingi baada ya hapo, na Baba aliendelea kumfundisha kusoma. Maana ya pili ya toleo hakumfundisha kamwe.