Alilia Kama Mtoto wa Paka

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, msikimbilie kumfariji mtu. Jana tulimzika mtoto wa mjukuu wangu, aliyezaliwa kabla ya miezi yake. Harufu ya karafuu maiti aliyopakwa kabla ya sanda ikanirudisha utotoni, mtaani kwetu Kibokoni, siku mamangu alipojifungua hivyo hivyo.

Wanawake walikuwa wakihangaika na mama. Mtoto walimweka pembeni ndani ya kanga, karibu yangu. Mkono wake ulikuwa mwembamba kama kijiti cha udi. Hakukaa sana.

"Huyu hakulia," shangazi akasema baadaye. "Ni mimba tu. Hana jina wala hasaliwi."

Mama akageukia ukutani.

"Alilia," nikasema. "Kama mtoto wa paka."

"Nyamaza we, mdomo mrefu!"

Nyanya akanishika kidevu. "Wallahi?"

"Wallahi, nyanya."

"Basi ni mtu. Aoshwe, asaliwe, na mamake ampe jina."

Mama akalitaja, na ndipo alipoweza kulia.

Leo watu wangu wameanza kumwambia mjukuu kuwa Mungu atampa mwengine. Nimewakataza: "Hapa kwangu sitaki habari za mwengine. Muulizeni jina la huyu, kisha kaeni naye kimya."