Taa ya Tangi la Samaki la Marehemu Baba

Nilikuwa nazima taa asubuhi. Nikirudi jioni, naikuta inawaka.

Msicheke. Ngojeni kwanza.

Tunakaa Usagara, hapahapa Tanga. Baba yangu, Mzee Turki, alifariki akatuachia nyumba na tangi lake la samaki pale sebuleni. Samaki watano, rangi ya dhahabu. Tulikuwa tunamtania kwamba anawapenda kuliko sisi.

Wiki ya tatu ya msiba, maji yakageuka kijani. Kioo utelezi mtupu.

Nikawashuku wageni. Kila aliyekuja kumpa mama pole alitupia kitu humo, eti kulisha kiumbe ni sadaka ya marehemu. Mkate, ubwabwa, hadi sambusa! Jirani yetu Mkatoliki, Mama Imakulata, naye hakubaki nyuma, akaja na keki.

Nikapiga marufuku. Nikamwaga maji yote, nikajaza ya bomba.

Kesho yake samaki wanne wanaelea.

Nililia, mtu mzima mimi. Niliona kama nimemzika baba mara ya pili. Nikaapa yule mmoja aliyebaki hafi.

Nikaenda kwa Edgar, anauza samaki wa mapambo.

"Ulitia maji ya bomba palepale? Dawa ya maji ndiyo iliyowamaliza, kaka. Yaache kwenye ndoo siku mbili kwanza. Na taa unawasha muda gani?"

"Kutwa."

"Ndiyo inayolea huo ukijani. Zima."

Nikazima. Jioni, inawaka. Siku ya pili, vilevile.

Nikamfokea dada yangu Hafsa. Akaapa kwa Mungu si yeye.

"Kaka, tumwite ustadhi asome. Hii nyumba ina kitu."

Hasira zikanipanda. Nikachukua koleo, nikakata waya. Haya, jini na liwashe tuone!

Wiki mbili tu, maji safi, unaona mpaka kokoto za chini. Samaki anacheza. Nikamwita mama, aliyekuwa ndani ya eda, hatoki nje.

"Mama, njoo uone kazi ya mwanao!"

Akaja taratibu. Akatazama. Machozi yakamtoka.

"Kumbe uliikata wewe, Ayman? Nilidhani imekufa yenyewe. Nikasema basi, Mungu hakutaka."

"Mama, ulikuwa unawasha wewe?"

"Nyinyi wanaume mlimpeleka makaburini. Mimi kaburi lake sijaliona. Nikifumba macho naona kiza tu, na baba yako kiza alikiogopa tangu ujana. Nikiwasha hii nasema, angalau kitu chake kimoja kina mwanga. Niliona haya kuwaambia."

Niliunga waya saa ileile. Taa ikawaka. Mama akashukuru, akarudi chumbani.

Hakuigusa tena ile swichi.

Eda imekwisha mwezi uliopita. Nilimpeleka kaburini, akasoma dua yake, tukarudi nyumbani. Sebuleni bado anakaa akilipa tangi kisogo.

Siku hizi naiwasha mimi kila asubuhi. Ukijani umerudi. Kila Ijumaa nakwangua kioo, nikimaliza namwomba mama radhi, naye hunijibu neno lilelile: "Yameshapita, baba." Najua hayajapita.

Jamani, mkiona mfiwa anafanya jambo msilolielewa, kaeni naye mumuulize. Mimi nilimuuliza fundi wa samaki, nikamuuliza dada, nikakaribia kumuuliza ustadhi.

Mama sikumuuliza.