Ng'ombe wa Baba Ndani ya Mchezo

Mwaka ule nilichora ng'ombe hadi nikawachukia. Kampuni ya michezo ya kompyuta iliyonipa mkataba ilikuwa ng'ambo, nami nilikuwa Kitengela, ghorofa ya nne, maji ya bomba Jumanne na Ijumaa tu. Mkubwa wangu nilimjua kwa sauti tu. Mchezo wenyewe ulihusu mchungaji anayevusha kundi wakati wa ukame, na kwa kuwa mimi ni binti wa mchungaji, nikapewa ng'ombe.

Nikachora wa baba. Kiangazi kilikuwa kimewamaliza karibu wote kule kwetu, nje kidogo ya mji wa Kajiado, lakini picha zao nilikuwa nazo kwenye simu. Kila mmoja nilimpa madoa yake, pembe zake, na ile alama ya sikio ya ukoo wetu. Kisha nikafanya ujinga wa kumwambia baba. Alifurahi kuliko nilivyotarajia. Aliwatangazia wazee wenzake sokoni kwamba ng'ombe wake wamehamia Kitengela, na akaahidi kuja kuwaona.

Haukupita muda, mkubwa akasema kundi langu ni zito, mchezo unakwama. Nichague ng'ombe mmoja, nimnakili mara nyingi, mchezaji hatajua. Nilibishana naye wiki mbili, kwa adabu ya mtu ambaye mkataba wake unakaribia kuisha. Macho yaliniwasha, mgongo ulikufa ganzi, na mwishowe nilitaka tu yaishe. Nikamchagua yule wa kijivu aliyekuwa wa mama. Wengine nikawafuta.

Baba alifika Jumamosi, amevaa koti la kanisani. Nilimwekea chai, nikawasha mchezo, nikaomba kimoyomoyo macho yake ya uzee yanifichie aibu. Nilijua ni kujidanganya. Baba hajawahi kuhesabu ng'ombe maishani, kwetu hawahesabiwi. Jioni husimama mlangoni mwa boma wakiingia, anawatazama nyuso na madoa, na kabla wa mwisho hajaingia ameshajua nani hayuko.

"Huyu ni wa mama yako," alisema, akitabasamu.

Akapita wa pili, wa kijivu. Akapita wa tatu. Baba akasogeza kiti karibu na kioo, na tabasamu likamtoka.

"Wengine wako wapi?"

"Kompyuta ilishindwa, Baba. Walikuwa wengi sana."

Alikunywa chai yake polepole, bila kuniangalia.

"Hata mimi nyasi ilinishinda," akasema. "Lakini wale walikufa kila mmoja na jina lake."

Nilizima mchezo. Nilijuta siku ile na bado najuta, ingawa uchovu ule ukinirudia leo sijui kama ningefanya tofauti. Mkataba wangu ulikuwa umeongezwa mwaka mmoja, barua ilikuja Ijumaa. Nilikuwa nimepanga kumpa hiyo habari tukimaliza chai. Sikumpa.